Mkono, Bawa na Taa: Historia ya Ishara za Motokaa

Somo letu la leo lahusu kitu kidogo ambacho kila mmoja wenu amekiona barabarani, nacho ni ile taa ya rangi ya machungwa inayowaka na kuzima pembeni mwa motokaa kabla haijakata kona. Wengi huiita indiketa. Tutajifunza ilivyoanza, na kwa nini fundi wa leo anayetia taa mpya za LED katika motokaa ya zamani sharti abadili pia kile kidude kinachozipepesa, ambacho mafundi hukiita flasha.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Barabarani ni vivyo hivyo. Mtu anayekufuata nyuma hajui umekusudia kwenda wapi. Usipompa dalili mapema, aweza kukugonga, na watu wakafa. Hii ndiyo sababu ya habari zote mtakazosoma hapa.

Mkono na bawa

Hapo mwanzo dereva alitumia mkono wake. Katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Uingereza na nchi zetu za Afrika Mashariki, usukani uko kulia. Kwa hiyo dereva aliyetaka kwenda kulia aliunyosha mkono wa kulia nje ya dirisha. Ishara hiyo ilifaa mchana, lakini usiku haikuonekana vizuri. Tena mvua iliponyesha, hapana aliyependa kufungua dirisha.

Katika miaka ya 1930 motokaa nyingi za Ulaya zilitiwa bawa dogo katika nguzo iliyo kati ya milango. Dereva alipobonyeza swichi, sumaku ya umeme ililivuta bawa hilo likainuka na kusimama kama mkono, na ndani yake iliwaka taa ndogo. Taa hiyo haikupepesa. Bawa lilikuwa na taabu zake: mara likwame, mara livunjwe na mpita njia. Madereva wengi walizoea kuipiga nguzo kwa ngumi ili bawa lichomoke. Hata hivyo lilidumu sana. Volkswagen za Ulaya zilikuwa nalo mpaka 1960, na Morris Minor ya Uingereza mpaka 1961.

Taa ya kupepesa

Huko Marekani kampuni ya Buick ilitia taa za kupepesa katika motokaa zake za toleo la 1939. Jicho la mtu huvutwa upesi na kitu kinachowaka na kuzima kuliko kinachowaka tu. Kwa hiyo taa hizo zilienea, na mwishowe zikalishinda bawa.

Sasa, ni nani anayewasha na kuzima? Ni flasha. Tazameni jinsi flasha ya zamani ilivyofanya kazi. Ndani yake mlikuwa na kibati chembamba cha madini ya namna mbili yaliyoshikamanishwa. Madini hayo hayalingani katika kutanuka, kwa hiyo kibati kikipata joto hujipinda. Umeme uendao kwenye taa hukipasha moto, nacho hujipinda na kukata njia ya umeme, taa huzima. Kibati kikipoa hurudi mahali pake; taa huwaka tena. Ule mlio wa “ta, ta, ta” ndio sauti ya kazi hiyo.

Hapa shikeni jambo moja kubwa. Kibati hicho kilipimwa kwa umeme wa globu za zamani. Globu ya namna hiyo hutumia wati 21. Mbili, ya mbele na ya nyuma, hutumia wati 42. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea 3.5. Globu moja ikiungua, umeme hupungua, na mwendo wa kupepesa hubadilika, au taa iliyobaki huwaka bila kuzima. Baadaye zilitengenezwa flasha ambazo kwa makusudi hupepesa mbio globu moja ikifa. Basi dereva aliambiwa habari za globu iliyokufa bila kushuka garini.

Taa za LED

Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, Nick Holonyak, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alitengeneza LED ya kwanza yenye kufaa ya kutoa mwanga mwekundu. Mwaka 1972 mtaalamu mwingine, George Craford, alitengeneza ya manjano. LED haina uzi unaopashwa moto, kama globu ya zamani. Ni kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga. Hapo mwanzo mwanga wake ulikuwa hafifu, ukafaa kwa saa na mashine za hesabu. Siku hizi una nguvu za kutosha taa za motokaa.

LED huwaka upesi, hudumu sana, na hutumia umeme kidogo, pengine wati chache tu. Lakini uchache huo ndio unaoleta matata. Flasha ya zamani ikiona umeme mdogo hudhani globu zimekufa. Basi hupepesa mbio kupita kiasi, au haipepesi kabisa.

Kazi ya fundi

Wengine hufunga kizuizi cha umeme cha omu 6 ili kuidanganya flasha. Fanyeni hesabu: volti 12 kwa omu 6 ni ampea 2, yaani wati 24 zinazogeuka kuwa joto bure. Kizuizi hicho huweza kuunguza waya au plastiki iliyo karibu. Dawa iliyo bora ni flasha ya elektroniki iliyotengenezwa kwa LED. Fuateni mambo haya.

Kwanza, toeni waya wa betri kabla ya kugusa kitu.

Pili, angalieni ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi. Motokaa nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 zilifungwa upande wa chanya, lakini za leo hufungwa hasi. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, ikigeuzwa, haiwaki.

Tatu, someni alama za flasha. Nyingi zina 49, njia ya kuingia umeme. 49a, njia ya kwenda kwenye taa. Na 31, njia ya kwenda kwenye bodi. Nyingine zina B, L na E. Flasha ya zamani haikuhitaji waya wa bodi, lakini ya elektroniki huuhitaji.

Nne, tazameni taa ndogo iliyo mbele ya dereva. Katika motokaa nyingine za zamani iko moja tu, nayo imeunganishwa na waya wa kulia na wa kushoto. Umeme wa upande mmoja huvuka humo, na kwa kuwa LED hutosheka na umeme kidogo, taa zote nne huwaka pamoja. Unganisheni taa hiyo na bodi, na kila upande uifikie kwa dayodi yake, yaani mlango unaopitisha umeme upande mmoja.

Tano, hesabuni kwa saa. Taa ipepese si chini ya mara 60 wala si zaidi ya mara 120 kwa dakika. Tena ulizeni sheria ya nchi yenu, kwani nyingine hazikubali LED mahali pa globu ya zamani.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Flasha nyingi za LED hupepesa sawasawa hata taa moja ikifa. Yule mlinzi wa zamani hayupo tena. Dereva atasikia “ta, ta, ta” na kudhani watu wanaona dalili yake, kumbe nyuma ni giza. Basi kila siku, kabla ya safari, washa taa, shuka, uizunguke motokaa kwa miguu yako na kuzitazama kwa macho yako.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini bawa lilishindwa na taa ya kupepesa?
2. Flasha ya zamani ilimwambiaje dereva kwamba globu imekufa?
3. Taa mbili za LED hutumia wati 6 kwa volti 12. Ni ampea ngapi?