Mzee Aliniambia Tumekuja na Reli

Leo hakuna video. Nimejaribu kuirekodi hii stori mara tatu, haiingii kwa dakika moja, kwa hivyo someni.

Mwezi wa nne nilipanda gari Migwani, nikabadilisha Kitui, nikashuka Mombasa usiku. Asubuhi nikaenda Mji wa Kale kupiga picha za milango. Nikafuata Ndia Kuu mpaka bandari ya zamani. Kama umezoea kuona Kilindini na kreni zake, hii itakushangaza: maji yametulia, ngazi za mawe, majahazi mawili matatu. Basi.

Barazani kulikuwa na mzee anauza kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamwambia Kitui. Akacheka huku akinimiminia kahawa chungu. "Ah, watu wa bara. Nyinyi mumekuja na reli."

Hakusema kwa ubaya, hata kashata alinipa bure. Lakini nilinyamaza, na hilo ndilo liliniuma, juu sikuwa na jibu. Shule yote ile, na mwaka mmoja na nusu wa chuo kabla sijaacha, halafu mtu ananiambia babu zangu walifika lini na mimi natingisha kichwa tu. Nimekaa wiki tatu nikisoma. Jibu ndilo hili.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896. Rudi nyuma miaka hamsini. Mombasa ilikuwa mji mdogo wa bandari upande mmoja wa kisiwa, chini ya Fort Jesus, na Seyyid Said wa Zanzibar alikuwa ameutwaa kutoka kwa Wamazrui mwaka wa 1837. Majahazi yalipakia pembe za ndovu pale pale nilipokunywa kahawa. Pembe hizo ziliishia India na Ulaya, zikawa bangili na vibao vya piano. Na nani alizitoa bara? Wakati ule, sehemu kubwa ililetwa na Wakamba, begani, kwa miguu.

Hebu fikiria hiyo safari. Kutoka kwetu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 350 ukipima kwa mstari ulionyooka, na njia ya porini hainyooki. Unapita nyika ya Taru, ambako maji ni bahati. Walitembea kwa misafara mikubwa, wakirudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Na yote hayo yalianza na njaa. Kwa Kikamba kuna neno kuthuua, yaani kutoka kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine. Mimi nililijua kama neno la aibu. Kumbe ndiyo shule ya biashara yetu: ukienda kuomba mahindi mara ya kwanza, mara ya pili unabeba kitu cha kubadilishana. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma wengine wakahamia kabisa nyuma ya Mombasa, karibu na Rabai. Yule mmisionari Mjerumani, Krapf, alipoanzisha misheni Rabai mwaka wa 1846, Wakamba walikuwa tayari ni majirani.

Krapf huyo alipelekwa bara na njia zao. Mwaka wa 1849 alifika Kitui kwa mfanyabiashara mkubwa aitwaye Kivoi, na tarehe 3 Desemba akauona ule mlima wenye theluji. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo leo liko kwenye kitambulisho chako. Miaka miwili baadaye walielekea pamoja mto Tana, wakavamiwa, Kivoi akauawa. Msimfanye malaika lakini. Kivoi alikuwa na watumwa, na njia iliyobeba pembe ilibeba watu pia.

Baadaye tembo wakapungua, na wafanyabiashara wa Pwani wakaanza kuingia bara wenyewe. Sisi tukatoka kwa picha. Tulioonekana tena mjini tulikuwa vibarua, na wengi kweli walikuja na reli. Kwa hivyo mzee hakunidanganya. Alianza tu stori katikati.

Kwa nini najali? Mjomba wangu alikuwa fundi Likoni mwaka wa 1997. Agosti ile watu wa bara waliposhambuliwa na kufukuzwa, alirudi Migwani na shati alilovaa, na mpaka leo hataki kusikia neno Mombasa. Na sisemi eti pembe za Kivoi zinampa mtu wa Migwani shamba Likoni. Watu wa Pwani wana kilio cha ardhi, na ni cha kweli. Nasema tu tusiitwe wageni wa juzi mahali tulipofika kabla ya treni.

Juzi nilimpigia susu, nikamweleza haya yote kama nimegundua dhahabu. Akanisikiliza, halafu akaniuliza kwani nilifikiri shanga za nyanya yake ziliota shambani.

Nikamuuliza shanga zenyewe ziko wapi.

"Zilienda na mahindi," akasema. "Ile njaa ya 1984."