Beji za Enameli na Enzi ya Meli za Angani za Ujerumani, 1900–1940

Meli ya angani, yaani chombo kirefu kilichoelea kwa gesi nyepesi kuliko hewa na kusukumwa kwa injini, ilitumika kusafirisha abiria kwa miongo michache tu, na meli zote kubwa za Kijerumani za aina hiyo zimekwisha kutoweka. Kilichobaki mikononi mwa watu ni vitu vidogo, na miongoni mwavyo beji za kumbukumbu za enameli zina nafasi ya pekee, kwa kuwa zinahifadhi historia ya watu wengi ambao hawakupata kamwe kupanda meli hizo.

Enameli ni unga wa kioo cha rangi unaoyeyushwa juu ya metali. Ili kutengeneza beji, bamba la shaba lilipigwa chapa ili mistari ya picha iinuke na kuacha vishimo kati yake; vishimo hivyo vilijazwa unga huo, kisha bamba likachomwa tanuruni kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, likasuguliwa na kutiwa pini kwa nyuma. Kwa kuwa rangi hiyo ni kioo, haichujuki kwa jua wala kwa maji, na ndiyo sababu beji ya karne iliyopita inaweza kung'aa hadi leo.

Mapenzi ya umma kwa vyombo hivyo yalitokana na msiba. Mjerumani Ferdinand von Zeppelin alirusha meli yake ya kwanza, LZ 1, tarehe 2 Julai 1900 juu ya Ziwa Constance. Lakini tarehe 5 Agosti 1908 meli ya LZ 4 iling'olewa na dhoruba huko Echterdingen, karibu na Stuttgart, ikateketea. Wananchi wa Ujerumani walichanga zaidi ya marki milioni 6 ili kazi iendelee, na alumini ya mabaki ya meli hiyo ikatengenezewa vijiko na medali za kumbukumbu, hata watu wakaiona meli ya angani kuwa mali yao.

Hata hivyo, mali hiyo ilikuwa ya kutazamwa zaidi kuliko kupandwa. Meli ya Graf Zeppelin, iliyoizunguka dunia mwaka 1929 chini ya nahodha Hugo Eckener, ilikuwa na nafasi ya abiria 20 hivi tu, ilhali ilipotua ililakiwa na umati mkubwa. Na meli ya Hindenburg ilipoanza safari mwaka 1936, nauli ya kuvuka Atlantiki upande mmoja ilikuwa dola 400. Aliyeshindwa nauli hiyo aliweza kununua beji, akaivaa kifuani kama sehemu yake katika fahari hiyo.

Fahari hiyo, hata hivyo, si historia yote, kwa maana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia meli za angani zilidondosha mabomu London kuanzia 1915, na Novemba 1917 meli ya L 59 iliondoka Bulgaria ikiwa na takriban tani 15 za silaha na dawa kwa jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana Afrika Mashariki, ikaamriwa kurudi ilipofika anga ya Sudani. Vilevile, kuanzia 1933 mapezi ya mkia wa meli hizo yalichorwa swastika ya chama cha Nazi, kwa hiyo picha ya meli iliyomo katika beji inaweza kuonyesha wakati wake na pia siasa iliyoitumia.

Baada ya Hindenburg kuungua huko Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937 na watu 36 kufa, safari za abiria zilikoma, na mwaka 1940 meli mbili zilizobaki zilivunjwa ili alumini yake itumike vitani. Kwa kuwa meli zenyewe hazipo tena, mkusanyaji makini hatosheki na uzuri wa beji, bali huandika ilikopatikana, aliyeivaa na alama ya kiwanda iliyo nyuma yake, kwani beji iliyotengwa na habari zake hubaki pambo, na ushahidi iliyokuwa nao juu ya watu wa kawaida wa enzi hiyo hupotea.