Kasongo na Kabambare katika vitabu vya vijana

Mwaka 1873 Henry Morton Stanley, aliyekuwa amerudi kutoka Ujiji alikokwenda kumtafuta mpelelezi Livingstone, alichapisha London riwaya ya wavulana iitwayo My Kalulu. Mashujaa wake ni Selim, mtoto wa Mwarabu wa Unguja, na Kalulu, kijana wa ukoo wa kifalme wa bara. Hivyo watu wa misafara ya pembe na watumwa, ileile iliyoikuza Kasongo, mji wa Maniema, mashariki mwa Kongo, waliingia mapema katika vitabu vya vijana wa Ulaya. Waliingia kwa kalamu ya mgeni, na kwa muda mrefu hali imebaki hivyo.

Kalulu alikuwa mtu wa kweli. Jina lake lilikuwa Ndugu M'Hali, na mwaka 1871 mfanyabiashara mmoja wa Tabora alimtoa zawadi kwa Stanley. Akapelekwa Uingereza na Marekani, akatiwa shule, na Aprili 1874 akahudhuria mazishi ya Livingstone huko Westminster Abbey. Oktoba 1876 msafara wa Stanley ulipita Kabambare ukielekea Kasongo na Nyangwe, naye akiwamo. Machi 1877, katika maporomoko ya Kongo ya chini, mtumbwi wake ulichukuliwa na maji, akafa. Riwayani ni mwana wa mfalme. Safarini alikuwa mtumishi wa kumbebea bwana bunduki.

Vita vya 1892 hadi 1894, kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, vilileta shujaa mwingine. Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, Wabelgiji waliozuiliwa Kasongo, waliuawa huko Desemba 1892. Kabla ya hapo De Bruyne alifikishwa ukingoni mwa mto Lomami, wenzake wakiwa ng'ambo, akakataa kutoroka na kumwacha mkubwa wake mgonjwa. Aprili 1893 majeshi ya dola hiyo chini ya Dhanis yaliiteka Kasongo, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Mwaka 1900 mji wa Blankenberge uliwajengea wawili hao mnara, na kisa cha sajini kikasimuliwa kwa watoto wa Ubelgiji kama somo la uaminifu. Katika somo hilo Sefu, mwana wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ni adui tu, na wenyeji wa Kasongo hawana la kusema.

Hata hivyo simulizi ya Kiswahili ilikuwapo. Tippu Tip mwenyewe aliandika maisha yake, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin kati ya 1902 na 1903. Anaanza akiwa mvulana wa miaka 12 anayesafiri na biashara ya sandarusi. Baadaye, akiwa njiani kwenda Utetela, anasikia kwamba dada za mtemi mzee Kasongo Rushie walitekwa zamani. Anapofika anajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao; mzee anasadiki na kumwachia utawala. Mtoto gani asingetaka kujua hila hiyo iliishaje?

Maandishi hayo yamepata tafsiri za Kiingereza na Kifaransa kwa ajili ya wataalamu. Mtoto wa Kasongo anahitaji toleo lake, tena lisilofumba macho. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara walifyatua risasi sokoni Nyangwe, na waliokufa wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Kitabu kinachomsifu Tippu Tip bila kuwataja wanawake hao kitakuwa kimerudia kosa la mnara wa Blankenberge.

Wengine wamekwisha kuonyesha njia. Pura Belpré, mzaliwa wa Puerto Rico, aliajiriwa na maktaba ya umma ya New York mwaka 1921, akawa akiwasimulia watoto ngano za kwao kwa Kispania na Kiingereza. Mwaka 1932 alitoa Perez and Martina, kisa cha panya na mende alichokisikia kwa bibi yake. Tangu 1996 tuzo yenye jina lake hutolewa kwa waandishi na wachoraji wa Kilatino wa vitabu vya watoto. Alianza na masimulizi ya nyumbani.

Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na Maniema ni nchi ya Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo. Walimu wa Kasongo na Kabambare, kaeni na wazee, mwandike masimulizi yao kwa lugha wanayocheza nayo watoto. Wachapishaji wa Bukavu, Lubumbashi na Dar es Salaam, yapokeeni.