Jina la Muji: Nani Anajua Kulitamka?

Katika vitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya majina ya milima na mito ya kwetu. Mara hii tunaenda mbali, mpaka Irlandi. Inchi ile hatuko wageni nayo kabisa: tangu mwaka 1960 askari wake walikuwa Katanga pamoja na ONU, na katika Septemba 1961 kampani yao moja ilipigana Jadotville, muji ambao leo tunaita Likasi. Askari wale walitoka kwenye inchi ambayo nayo ilikuwa imeandikiwa majina na watu wengine.

Tuanzie 1824. Waingereza, waliokuwa watawala, walianza kupima Irlandi yote ili wachore karte. Mu 1830, Mwirlandi mumoja mwenye elimu, John O'Donovan, aliingia katika kazi hiyo, na kisha akatembea wilaya kwa wilaya akiuliza wazee: jina hili munalitamka namna gani, na maana yake nini? Kazi yake ilikuwa ya heshima. Lakini kwenye karte jina liliandikwa kwa namna ambayo musomaji wa Kiingereza angeweza kulisoma. Baile, maana yake kijiji, likakuwa Bally. Tena kuko cill, maana yake kanisa, na coill, maana yake musitu. Yote mawili mara nyingi yaliandikwa Kil. Hapo karatasi peke yake haiwezi kukuambia kama mababu waliita kanisa ao musitu.

Wakati wa kupigania uhuru na kisha kuupata, majina mengi yalirudishwa, lakini mabishano hayakuisha. Bandari moja karibu na Dublin iliitwa Kingstown tangu 1821, kwa heshima ya mufalme wa Uingereza. Mu 1920 ikarudia jina lake, Dún Laoghaire, ni kusema ngome ya Laoghaire. Basi, wengi wanatamka «Dan Liri», sawa vile babu zao walizoea. Wenye kupenda Kiirlandi wanasema hapana, ni «Duun Leere». Kule Drogheda, mugeni anasoma herufi zote, lakini wenyeji wengi wanakata tu: «Droda». Na Cobh inatamkwa «Kov», kwa kuwa bh ya Kiirlandi inatoa sauti ya v. Ajabu ni kwamba neno lenyewe ni la Kiingereza, Cove, lililovalishwa herufi za Kiirlandi!

Ugomvi mukubwa ulitokea Dingle, muji mudogo wa magaribi, katika eneo la wasemaji wa Kiirlandi. Tangu Machi 2005, sheria ya Leta ilisema jina rasmi ni An Daingean peke yake. Wenyeji wakakataa. Walisema watalii watapotea, na tena kuko muji mwingine unaoitwa Daingean. Mu 2006 walipiga kura: watu 1.005 walitaka «Dingle Daingean Uí Chúis», 70 tu wakakataa. Mu 2011 sheria ikabadilishwa, na majina Dingle na Daingean Uí Chúis yakakubaliwa.

Sisi tunaona namna gani? Yule anayesema «Leere» anachunga maana ya jina. Yule anayesema «Liri» anachunga sauti aliyosikia kwa mama yake. Hakuna mwenye kustahili kuchekwa. Kosa la Dingle lilikuwa kuamua katika ofisi bila kwanza kusikiliza wenye muji.

Kwetu pia, Elisabethville ilikuwa Lubumbashi mu 1966, na jina la muto likapanda juu ya muji. Lakini vijito na vilima vingi vingali na majina yaliyoandikwa na masikio ya wageni. Wazee wanaojua kuyatamka wanapunguka kila mwaka. Basi, tuende kwao na daftari, ao na mashine ya kunasa sauti, tuwaombe watamke jina na kutuelezea maana yake. Tuandike yote mawili.