Black Savage: Roki Iliyopigwa Nairobi

Mnamo Juni 1, 2018, rapa Kanye West wa Marekani alitoa albamu yake, Ye. Wimbo wa pili humo, "Yikes", umejengwa juu ya kipande cha "Kothbiro", wimbo uliorekodiwa na vijana wa Nairobi katikati ya miaka ya 1970. Miongoni mwa watunzi wakaandikwa Wakenya wawili: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Ogada tulimjua, gwiji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Ila bendi iliyourekodi wimbo huo, Black Savage, ni wangapi waliikumbuka?

Mimi niliifahamu kupitia santuri yao, Something for Someone, iliyotolewa na EMI mwaka 1976. Niliisikia mtaani Lavington, Nairobi, sebuleni mwa mzee aliyetunza santuri zake tangu ujana, na upande wa kwanza ulipokwisha nilimwomba auanze tena. Ni roki iliyochanganyika na soul na fanki, imeimbwa kwa Kiingereza, na gitaa la umeme haliombi ruhusa.

Santuri hiyo ilitoka wakati wa benga. D. O. Misiani na Shirati Jazz walitamba, na Simba Wanyika kutoka Tanzania walikuwa wameshahamia Nairobi. Kijana wa Kikenya aliyetaka kupiga roki aliambiwa anaiga wazungu. Nalipinga hilo kabisa. Gitaa la benga nalo lilikuja kwa meli, tukalifundisha lugha yetu. Vijana wa roki walikuwa wakilifundisha lugha ya mji wao, mji wa shule za bweni, sinema na redio. Wenzao wa bendi ya Matata walikwenda London, wakatoa huko Independence mwaka 1974. Ishmael Jingo alitoa "Fever" papa hapa Nairobi mwaka 1974. Kwa hiyo Black Savage hawakuwa peke yao.

Kikosini walikuwamo Gordon Ominde, Jack Odongo, Achieng na kijana aliyeitwa Job Seda. Seda alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaishi Marekani utotoni na wazazi wake, waliokuwa wakipiga muziki wa Kiluo huko. Ndiye aliyekuja kuitwa Ayub Ogada. Baadaye yeye na Odongo walipiga na bendi ya African Heritage, kisha Ogada akaenda London na nyatiti yake, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa En Mana Kuoyo. Toleo lake la "Kothbiro" likasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005.

Watu husimulia maisha ya Ogada kana kwamba roki ilikuwa ujana wa kupita tu. Sikubaliani. "Kothbiro" ilikuwa ya bendi kabla ya kuwa ya nyatiti, na sauti aliyoichagua Kanye ni ile ya Black Savage. Ogada alifariki Februari 2019, miezi minane baada ya "Yikes" kutoka.