Hapa Kula ni Lazima?

Mjukuu wangu aliniita Ruiru Jumapili moja nimtengenezee meza. Anaishi ghorofa ya nne na wenzake wawili aliosoma nao Juja, na meza aliyoitaka ilikuwa ya kawaida ila iwe na kingo pande zote, dadu zisianguke. Nikachukua msumeno, randa na plaiwudi, nikapanda matatu Makongeni. Kufika, nikadhani kuna kesi. Vijana sita wamezunguka kitabu kimoja kinene, sauti ziko juu. Msichana mmoja tu ndiye aliyeniona. "Karibu Guka, keti," akasema, kisha akarudi kwenye ugomvi.

Kitabu kilikuwa cha Dungeons & Dragons, toleo la 2024, kurasa 384, kimetoka kwenye sanduku la shangazi ya mmoja wao aliyerudi kutoka Marekani. Mchezo wenyewe nilielezwa huku nikipiga randa. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anakuwa mhusika, na penye shaka inarushwa dadu ya pande 20. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974, nakala 1,000 za kwanza zikiwa kwenye masanduku. Sheria zimeandikwa upya mara kadhaa tangu hapo: 1989, 2000, 2008, 2014. Hawa wangu walizoea zile za 2014, kwa sababu Januari 2023 wenye mchezo waliachilia msingi wake bure kwa yeyote, nao wakauchapisha kwenye saiba moja huko Juja na kuufunga kwa waya. Sasa tuhame au tubaki? Mchana kutwa walibishana, dadu haikurushwa hata mara moja.

Sikushangaa. Mimi nimelelewa na benchi la drafti.

Kwetu Thika kulianza kuchangamka reli ilipofika mwaka 1913, mkonge na kahawa vikapata njia ya kutokea. Viwanda vikafuata, na kufikia miaka ya sabini ukisema Thika watu wanasikia mashine: nguo, mikebe, matunda ya kopo, hata malori ya Leyland yakiunganishwa. Niliajiriwa kiwanda cha nguo mwaka 1977. Saa saba king'ora kikilia, nusu yetu tulikimbilia githeri, nusu tukakimbilia benchi nje ya lango. Ubao ulikuwa kipande cha mbao chenye miraba 64, weusi ukiwa wa rangi iliyobaki kwenye mkebe wa mtu. Kete zilikuwa vifuniko vya soda. Wewe unavilaza nembo ikiangalia juu, mwenzako anavigeuza meno yaangalie juu. Kifuniko kina meno 21, niliyahesabu siku ambayo mpinzani wangu alifikiria hatua moja hadi king'ora kikalia tena. Kete ikifika mwisho wa ubao inapandishwa kifuniko kingine juu yake, nayo ni kingi.

Ila hakuna aliyewahi kuona kitabu cha sheria. Pale kwetu, kula kulikuwa lazima na kingi aliruka ubao mzima. Ukishuka Ruiru, karibu na stesheni, wafanyakazi wa kahawa walikuwa na yao: ukisahau kula, kete iliyopaswa kula inaondolewa, na kingi anatembea mraba mmoja mmoja kama mzee mwenye gauti. Mgeni mwenye akili aliuliza kabla hajaketi: "Hapa kula ni lazima?" Asiyeuliza alilipa soda.

Babu yangu hakuona jipya katika hayo. Yeye alikua na giuthi, mchezo wa wachungaji, safu mbili za mashimo yaliyochimbwa ardhini, mbegu zikigawiwa shimo kwa shimo. Ni ndugu wa bao la Waswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ila hauhitaji fundi wa kuchonga. Unahitaji kidole na udongo mkavu. Mashimo mangapi kila upande? Wengine sita, wengine nane. Babu alisema mbuzi walipotea zaidi wakati wa kukubaliana idadi kuliko wakati wa kucheza.

Miaka ya tisini mitumba ilituzidi nguvu, lango letu likafungwa, benchi likahamia steji. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa Novemba 2012, vyumba vya kupangisha vikaota mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa, na sensa ya 2019 ikakuta Ruiru ina watu 490,120 na Thika 251,407. Kwangu mimi Ruiru bado ni kituo cha utafiti wa kahawa na ile mbegu yao, Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Iliahidi kustahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Wazee walikiri dawa zitapungua, kisha wakaapa kwamba kahawa yake haina utamu wa mbegu ya zamani, SL28. Mjomba wangu aling'oa nusu ya shamba, akaacha nusu.

Kilichowachoma vijana hasa ni jambo moja. Katika kitabu cha 2014, ukichagua mhusika kibeti wa milimani, anaongezewa nguvu za mwili kwa sababu tu ni kibeti. Katika kipya nyongeza inatokana na kazi aliyofanya kabla ya safari: mkulima, baharia, fundi, karani. Wawili wakasema mchezo umeharibiwa. Nikaulizwa. Nikasema naunga mkono kitabu kipya, nikawapa habari za Mluhya mmoja wa benchi letu ambaye hakushindika miaka minne, hadi Wakamba na Wakikuyu wakakubaliana kwamba Waluhya wamezaliwa na drafti. Kazi yake kiwandani ilikuwa kupanga nyuzi za vitambaa vya miraba kwenye mashine ya kufuma. Alihesabu miraba saa nane kwa siku, kisha anakuja kutuhesabia sisi saa ya chakula.

Wakaamua wahusika watengenezwe kwa kitabu kipya, mapigano yabaki ya zamani. Msichana akaandika hayo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni.

Giza lilipoingia meza ilikuwa tayari, lakini walikosa sanamu za maadui. Za dukani ni ghali. Nikashuka kwenye baa ya chini, nikarudi na vifuniko mfuko mzima. Tukavipanga mezani, meno juu. Mkubwa wao tukampandisha, kifuniko juu ya kifuniko.