UZI: Daktari anayeenda Marekani ameahidi nini, na nani ameahidi pamoja naye?

1. Wiki hii mijadala yote ilikuwa ya madaktari. Upande mmoja unasema, "Tunawasomesha kwa ushuru wetu halafu wanatorokea Marekani." Upande wa pili unasema, "Waacheni waende, watatuma pesa nyumbani." Kanuni ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunafungua historia, tuone kila hoja imesimamia nini.

2. Kwanza, residensi ni nini? Ni mafunzo ya hospitalini baada ya shule ya udaktari. Hata kama ulikuwa namba moja darasani, bila residensi kwa kawaida hupati leseni ya kutibu Marekani. Udaktari wa familia ni miaka 3, upasuaji wa jumla 5, upasuaji wa ubongo 7. Na unalipwa mshahara. Kwa hivyo ni masomo na ni kazi kwa wakati mmoja. Shida ya viza inaanzia hapo hapo.

3. Watu huchanganya maswali mawili. La kwanza: ulisomea wapi? La pili: pasipoti yako ni ya wapi? Aliyesomea udaktari Nairobi au Eldoret lazima apate cheti cha ECFMG, shirika linalokagua madaktari waliosomea nje. Hata Mmarekani aliyesomea nje hukaguliwa. Mkenya aliyesomea shule ya udaktari ya huko huko hahitaji cheti hicho. Lakini viza? Hao Wakenya wote wawili wanaihitaji.

4. Aliyesomea huko ana viza ya mwanafunzi, F-1. Akihitimu anaweza kuruhusiwa kufanya kazi ya taaluma yake miezi 12. Residensi fupi ni miaka 3. Piga hesabu. Mwaka mmoja ukiisha anajikuta kwenye foleni ile ile na mwenzake wa Nairobi, wote wakitafuta J-1 au H-1B. Hizo herufi zina historia ndefu, na historia yenyewe ndiyo mjadala wetu wa wiki hii.

5. Turudi nyuma. Mwaka 1948, vita vikuu vimeisha na vita baridi vinaanza, Marekani ilipitisha sheria ya kubadilishana watu na elimu na mataifa mengine. Wazo: njoo ujifunze, utuone tulivyo, urudi kwenu ukasimulie. Wakati huo huo hospitali zao zilikuwa na nafasi nyingi za mafunzo kuliko wahitimu wa kwao. Ushindani ulikuwa mkali hadi mwaka 1952 ukaanzishwa mfumo wa kuwalinganisha wahitimu na hospitali, ambao unatumika mpaka leo. Nafasi zilizobaki wazi zilihitaji watu. Mlango wa kubadilishana utamaduni ukawa mlango wa kujaza zamu za usiku.

6. Mwaka 1956 yalitokea mambo mawili. Moja, sheria ilisema aliyekuja kwa mpango huo lazima akikamilisha aondoke kwa miaka 2 kabla ya kuomba kuhamia huko moja kwa moja. Mbili, ECFMG ilianzishwa, na mtihani wake wa kwanza ukafanyika 1958. Mnaona? Swali la "umesoma vizuri?" na swali la "utarudi kwenu?" yalizaliwa mwaka mmoja. Mwaka 1961 sheria nyingine ikaupa mpango huo viza yake, ndiyo hii J-1.

7. Na sisi tulikuwa wapi? Kati ya 1959 na 1963, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa vyuo vya Marekani kwa ndege, stori ambayo kila mtu hapa anaijua. Wengi walirudi, na waliporudi walikuta nchi changa inatafuta watu wa kujaza ofisi. Mafunzo ya udaktari kwetu yalikuwa Makerere, yaliyoanza 1924. Nairobi ilipata shule yake ya udaktari 1967. Shikilia neno moja hapo: walipewa kazi.

8. Mwaka 1965 Marekani ilifuta mgao wa wahamiaji kwa kufuata taifa la mtu, ikawapa kipaumbele wenye taaluma. Mwaka huo huo ikaanzisha bima za serikali kwa wazee na maskini, kwa hivyo wagonjwa wakaongezeka hospitalini. Mwaka 1970 ile sharti ya miaka 2 ikalegezwa, wengi wakaondolewa. Madaktari wa kigeni waliingia kwa wingi, hasa kutoka Asia. Na nchi walizotoka zikaanza kulia kwamba zinanyonywa. Hii hoja ya "wanatoroka" si ya wiki hii. Ina umri wa wazazi wetu.

9. Mwaka 1976 upepo ukageuka. Bunge la Marekani lilitamka kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari, kwa hivyo hakuna haja ya kuwapendelea wa kigeni. Kila daktari anayekuja kwa J-1 kufanya residensi akafungwa upya na miaka 2 ya kurudi nyumbani. Kabla ya kuikamilisha, hapati H-1B wala ukaaji wa kudumu.

10. Sasa hapa ndipo nataka msome polepole. Sheria hiyo ilidai ahadi mbili. Daktari aahidi kwamba atarudi. Na serikali ya nchi yake iandike barua kuthibitisha kwamba nchi inahitaji watu wenye ujuzi anaoenda kuutafuta. Kwa Mkenya, barua hiyo hutoka Wizara ya Afya. Bila barua hakuna J-1. Kumbe kila daktari wetu aliyeko huko kwa J-1 aliondoka na karatasi ya serikali inayosema: huyu tunamhitaji.

11. Tena sheria iliziba mwanya mmoja. Mtu wa J-1 wa fani nyingine anaweza kusamehewa ile miaka 2 serikali yake ikiandika kwamba haina pingamizi. Aliyekuja kwa residensi hawezi kutumia njia hiyo. Kwa hivyo yule anayesema "serikali yetu iwaachilie tu" hajasoma. Hatuna ufunguo wa mlango huo.

12. Nani anao? Wao. Mwaka 1994, maeneo ya mashambani ya Marekani yakiwa yanalia hayana madaktari, ulianzishwa mpango wa majimbo. Una jina la seneta fulani, na kwa kanuni yetu jina tunaliruka. Kila jimbo lilipewa nafasi 20 kwa mwaka, zikafika 30 mwaka 2002. Daktari wa J-1 akikubali kufanya kazi miaka 3 kwenye eneo lenye uhaba, ile miaka 2 inafutwa. Nchi yake haiulizwi, isipokuwa kama ilikuwa imemfadhili.

13. Njia ya pili ni H-1B, viza ya kazi. Mwaka 1991 ilifunguliwa kwa madaktari wa kigeni wanaotibu. Haina sharti la kurudi wala barua ya wizara. Lakini lazima uwe umepita mtihani wa tatu wa leseni kabla ya kuanza, na hospitali ikubali kukugharamia, na nyingi hazikubali. Septemba 2025 tangazo la rais wa huko liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Kwa hivyo wengi wanarudi kwa J-1, yaani wanarudi kwa ile barua.

14. Kalenda nayo haina huruma. Maombi huanza Septemba. Matokeo ya kulinganishwa hutoka Machi. Kazi kwa kawaida inaanza Julai 1. Kwa hiyo miezi mitatu na kidogo, daktari anatafuta barua, nyaraka za J-1 na intavyu ya ubalozi. Barua ikikawia kwa dawati la mtu, miaka ya mitihani na akiba ya familia iko hatarini.

15. Turudi nyumbani. Nani anatia sahihi kwamba tunamhitaji daktari huyu? Serikali ya kitaifa. Nani anaajiri madaktari wengi wa hospitali za umma tangu 2013, afya ilipogatuliwa? Kaunti. Anayeahidi si yeye anayeandika barua ya kazi. Mwezi uliopita rafiki ya dada yangu, aliye residensi mwaka wa mwisho, aliniuliza, "Nikirudi naripoti kwa nani?" Mimi na siasa yangu yote ya darasani sikuwa na jibu.

16. Na si swali la mtu mmoja. Mgomo ulioisha Machi 2017 ulichukua siku 100. Wa 2024 ulichukua siku 56, na moto wake mkubwa ulikuwa madaktari wanagenzi: mkataba ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema bajeti inaweza 70,000. Yaani nchi inaweza kuwa na uhitaji wa daktari na isiwe na kazi ya daktari. Uhitaji unahesabiwa kwa wagonjwa. Kazi inahesabiwa kwa bajeti.

17. Kwa hivyo tupime hoja. "Wanatoroka." Mlipa ushuru ana haki ya kuuliza, kwa sababu vyuo vya umma vinabebwa na pesa zake. Lakini anayeondoka kwa J-1 hajapitia dirishani, amepitia mlangoni na barua ya serikali mkononi. Akibaki, amevunja nia aliyoiandika, hilo tusilifiche. Ila na upande wa pili wa barua pia tuuulize ulifanya nini.

18. "Waende, watatuma pesa." Pesa zinalipa karo na kujenga nyumba, sawa. Lakini pesa haziingii thieta saa nane usiku. Mgonjwa wa kijijini Kansas na mgonjwa wa Turkana wanamgombania daktari mmoja. Wa Kansas ana jimbo lenye nafasi 30 kila mwaka za kumshawishi abaki. Wa Turkana ana nini cha kumshawishi arudi?

19. Kwa hivyo ukimsikia mtu kwa jukwaa akiongea juu ya madaktari, muulize haya. Barua ngapi zimetiwa sahihi, na za utaalamu gani? Kuna orodha ya wanaomaliza mwaka huu? Kaunti gani imetenga mshahara wa mtaalamu anayerudi, na vifaa vya kufanyia kazi? Akijibu kwa matusi au kwa uzalendo mtupu, jua hana jibu.

20. Mimi msimamo wangu ni huu: ahadi ni ya watu wawili. Huwezi kumdai daktari nusu yake wakati nusu ya serikali iko kwa kabati. Walio huko, au mnaosubiri barua, niandikieni hapo chini mlipokwama, bila majina. Walio na hoja tofauti pia karibuni, tubishane kwa heshima. Jumapili ijayo: deni la kaunti na dawa zisizofika.